Dorine Awiti Ouma, Aliyenyamazisha Baiskeli

Marehemu Dorine Awiti alizaliwa tarehe 9 Aprili 1962 huko Ugunja, Siaya. Baba yake, marehemu Opiyo, alikuwa fundi wa baiskeli sokoni. Mama yake, marehemu Perpetua, aliuza samaki kando ya banda la mumewe.

Alisoma Ugunja hadi darasa la saba, mwaka wa 1976. Baba yake alipougua, aliacha shule akashika spana.

Mwaka wa 1981 alikwenda Thika kwa dada yake, akaandikwa kazi katika kiwanda cha nguo. Hapo ndipo alipokutana na Ouma, mpakiaji mizigo, ambaye baiskeli yake ililia kila alipokanyaga. Awiti akamwambia, "Wewe huwezi kuwa mwizi. Mtaa mzima wa Ngoingwa ungekusikia." Akaitengeneza papo hapo. Walifunga ndoa kanisani Thika tarehe 17 Desemba 1983, wakakaa Kiandutu. Haukupita muda akaanza kulalamika: sasa hamsikii mumewe akifika. Tangu hapo Ouma hupiga kengele akikaribia nyumbani.

Kiwanda kilipofungwa mwaka wa 1994, tayari akiwa mama wa Mitchell, alifungua banda lake, kwanza Kiandutu, halafu Ruiru karibu na stesheni. Baiskeli za chuma alizijua. Za kaboni zilipoanza kuja, bomba la kiti, lile linaloingia kwenye fremu, alilipaka grisi vile baba yake alivyomfundisha. Jignesh, mteja wake wa Thika, akaondoka na baiskeli yake hivyo. Kiti kikazama kidogo kidogo njiani. Akarudi magoti yamekaribia masikio.

"Mama Mitchell, nilitoka hapa mtu mzima. Nimerudi mtoto."

Awiti alicheka hadi akakaa chini. Kisha akafuta grisi yote, akatafuta ile dawa ya kaboni yenye chembe kama mchanga, ambayo hushika bomba bila kulikaza sana. Kaboni ukiikaza sana inapasuka. Baada ya hapo aliwaambia mafundi wote, "Grisi ni ya chuma. Hapa kwa kiti cha kaboni, usitelezeshe. Shikisha."

Novemba 2023 alipatikana na saratani ya tumbo. Banda likabaki na binti yake Mitchell. Mumewe aliona heri lifungwe, maana wateja walikuwa wakimfuata Awiti na sikio lake, lililojua kila kelele inatoka wapi. Awiti akasema, "Ngoja kwanza tusikie."

Jignesh alikuwa na baiskeli mpya ya kaboni iliyolia akikanyaga. Mafundi wengine walikuwa wamefungua pedali, wakafunga, wakafungua tena. Mitchell akaipeleka nyumbani Witeithie, walikokuwa wamehamia, chini ya dirisha la mama yake.

"Simama, ukanyage bila kukalia kiti," Mitchell akamwambia Jignesh.

Kelele ikaisha. Basi haikuwa pedali, ni kiti. Akachomoa bomba: kavu, limejaa vumbi. Akalisafisha, akapaka dawa, akakaza kwa spana ya kipimo ili kaboni isipasuke. Jignesh akapanda, akakaa vizuri, akazunguka uwanja.

Awiti akauliza kutoka kitandani, "Ameshaenda?"

"Niko hapa hapa, Mama Mitchell. Nazunguka hapa dirishani."

Awiti akamgeukia mumewe. "Haya, Baba Mitchell. Sasa funga, kama unaweza."

Hakufunga.

Awiti alilala asubuhi ya tarehe 11 Juni 2025, nyumbani, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa mumewe.

Jana waendesha baiskeli walimsindikiza kutoka Thika hadi Ruiru, wakasimama kidogo mbele ya banda, kabla ya safari ya kuja hapa Sega kumzika. Mzee Ouma alisikiliza njia nzima. Hakuna hata baiskeli moja iliyolia. Jumatatu Mitchell anafungua banda.

Ameacha mumewe, Mzee Ouma, watoto Mitchell, Ronny na Maxine, wajukuu, dada yake mkubwa, na wateja ambao kwake walikuwa watoto pia.

Mzee Ouma akirudi Witeithie atapiga kengele, kama kawaida. Wewe pumzika kwa amani, Awiti. Usiamke kufungua.