Mzee Huria na Diski ya Mpiga Picha

Waliokaa sebuleni jana alasiri kuiandaa historia hii ni mjane wa marehemu, binti yake ambaye ni muuguzi, mwanawe wa kiume ambaye ni fundi umeme, jirani yao fundi cherehani, mama mpiga picha mwenye studio, na mimi, kaka yake marehemu. Nawataja mmoja mmoja kwa sababu hatukukubaliana mara moja. Kijana wetu alisema, "Baba mkubwa, msibani watu husema mazuri, hilo la diski tuliache," naye mjane, aliyekuwa akikunja shuka bila kuinua macho, akamjibu, "Baba yako alisema lisomwe, kwa hiyo litasomwa." Basi nitalisoma mahali pake, kwa kufuata miaka.

Marehemu alizaliwa tarehe 17 Machi 1956, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba yetu, aliyekuwa karani wa posta, na mama yetu, aliyekuwa mkunga. Alianza shule ya msingi mwaka 1963, akamaliza sekondari mwaka 1974, kisha akajiunga na chuo cha ufundi wa simu, alikohitimu mwaka 1977. Mwaka huohuo aliajiriwa katika ofisi ya mitambo ya simu, na mwaka 1991 akahamishiwa idara ya takwimu kutunza kompyuta, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2011. Alifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1981 na mwalimu wa chekechea, wakajaliwa watoto wawili niliokwisha kuwataja, na wajukuu watatu.

Hapo idara ya takwimu, mwaka 1998, ndipo alipokutana na Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, katika CD aliyoletewa na mwenzake aliyekuwa ametoka masomoni. Wengi wenu mlimfahamu kwa jina la Mzee Huria, na wapo waliomwita Mzee Bure, jina ambalo si sahihi na hakulipenda, kwa kuwa alieleza kila mara kwamba programu huria ni ile ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuisoma ilivyoandikwa, kuirekebisha na kumpa jirani. Fundi cherehani alipoelezwa hivyo alisema, "Yaani nikushonee suruali, halafu nikupe na vipimo vyake na mkasi," na marehemu akamwambia, "Wewe umenielewa kuliko bosi wangu." Mwaka 2005 alifungua blogu, akawa anaandika humo kwa Kiswahili habari za matoleo mapya, mbinu ndogondogo, na masomo ya hatua kwa hatua kwa watu wasio na mwalimu.

Tarehe 8 Februari 2009 aliweka somo la kuandaa flashi ya kusakinishia Linux. Ndani ya somo hilo ilikuwemo amri moja inayonakili mfumo mzima kwenye flashi, naye akaiandika kama alivyoitumia mwenyewe, katika kompyuta yake, ambako flashi ilijulikana kwa jina la sdb. Hakusema kwamba jina hilo hubadilika kutoka kompyuta moja hadi nyingine, maana kwake lilikuwa jambo linalojulikana. Katika kompyuta ya mama mpiga picha, sdb ilikuwa diski ya pili, iliyobeba picha zote za studio, na amri yenyewe haiulizi swali, huandika tu juu ya kilichopo. Mama huyu aliinakili herufi kwa herufi, akabonyeza Enter, kisha akaandika chini ya somo, kwa adabu, "Mwalimu, nimefuata ulivyoelekeza, ila sasa picha zangu sizioni, nifanye nini?"

Marehemu alimjibu, "Zima kompyuta, usiguse kitu, nakuja," akapanda basi la kwanza, ingawa walikuwa hawajawahi kuonana. Alikwenda kila mwisho wa wiki kwa miezi mitano, akarudisha picha nyingi, zikiwa hazina majina wala tarehe, harusi zimechanganyika na mahafali, wakakaa wote wawili kuzitenganisha. Lakini mwanzo wa diski ulikuwa umeandikwa juu yake mfumo mpya, na picha zilizokuwa mwanzoni zilikuwa za mama yake mzazi, aliyemwachia studio hiyo na kufariki mwaka uliotangulia. Hizo hazikurudi.

Tangu hapo ndugu yangu hakutulia. Somo alilirekebisha, ila kosa hakulifuta, aliliacha likiwa limepigwa mstari, na maelezo ya lilichosababisha, na binti yake alipomwomba aliondoe kwa sababu watu wasiomjua walikuwa wakimtukana, alisema, "Wananitukana kwa haki." Msomaji akimwandikia asante, alimjibu kwa kumuuliza kama ameweka nakala pembeni. Hakuchapisha tena somo lolote kabla mkewe, asiyejua kompyuta, hajalifuata mbele yake, naye amekaa kimya, ameikalia mikono yake asije akaonyesha kwa kidole, huku mkewe akinung'unika, "Umesema nibofye, vipo vitatu hapa, nibofye kipi, mume wangu?" Mpiga picha alimwambia mara nyingi, "Mzee, mimi nilishakusamehe, wewe ndiye umejifungia ndani na ufunguo unao," naye huitikia, "Sawa, mama," na mwezi unaofuata huja na programu nyingine ya kujaribu kwenye diski ileile, na mama huyu humwekea kiti na chai.

Mwezi Novemba 2022 marehemu aligundulika kuwa na maradhi ya figo, na kuanzia Januari mwaka huu hakuweza kukaa mbele ya kompyuta. Kilichomsumbua, kuliko sindano, ni maswali yaliyobaki bila jibu, kwamba huenda mtu fulani anabonyeza Enter wakati yeye amelala. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, majirani waliopokezana na mjane kumuuguza, wenzake wa idara ya takwimu, na wasomaji wote walioandika kutoka mbali. Kwake yeye tunaomba mapumziko ambayo mwenyewe hakujiruhusu.

Katika miezi hiyo mpiga picha, aliyejifunza Linux akitenganisha picha, alianza kuwajibu watu chini ya masomo, kama msomaji mwingine yeyote, na marehemu alitaka kila jibu asomewe, kwa kuwa hakuwa na imani nalo, na ndivyo ilivyokuwa hadi Jumatatu tarehe 3 Juni, mwanafunzi mmoja alipoandika kwamba flashi anayo mkononi, amri ameshaiandika, anataka tu kujua kama aendelee. Binti alisoma jibu la mpiga picha kando ya kitanda: "Usibonyeze kwanza. Niandikie diski zako zote zinaitwaje, moja moja, na ipi ina vitu vyako." Marehemu aliomba lisomwe tena, kisha akasema kuhusu blogu yake, ambayo hakuwahi kumwachia mtu, "Mpeni nywila."

Alifariki siku iliyofuata, Jumanne tarehe 4 Juni 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.