Hodi Kifuani mwa Mama Edina

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu tumkumbuke Edina Ndunguru, mkulima wa kahawa wa Kitura, wilayani Mbinga. Edina alikuwa na kisukari, kile cha aina ya pili kinachowapata wengi ukubwani. Aliishi nacho miaka mingi. Figo zake zilikuwa zinaharibika polepole, naye hakujua.

Kilichowashtua watu ni hodi. Mchana kweupe, Edina anachambua kahawa uani, ghafla anainua kichwa. "Karibu," anasema. Hakuna mtu. Bintiye, Clemence, anatoka jikoni na kutazama njia yote mpaka barabarani. Tupu.

"Unamkaribisha nani, mama?"

"Hujasikia? Amebisha, akanyamaza. Halafu amebisha tena kwa nguvu."

Majirani wakaanza kupitia njia ya chini, kuukwepa mlango wake. Edina mwenyewe hakuogopa. Nyayo zake zilikuwa zimekufa ganzi, hata sakafu haisikii, akawa anatembea mle ndani kama anayeelea. Kila chakula kilikuwa na ladha ya chuma mdomoni mwake. Siku moja akamnong'oneza Clemence: "Ni baba yako. Egidi alikuwa hivyo hivyo. Anabisha, anasubiri."

Egidi, mumewe, alikuwa amefariki zamani.

Siku hodi zilipozidi, Edina alianguka. Clemence akamkimbiza hospitali. Damu ikapimwa, na daktari akauliza anakula nini. Edina akajibu kwa fahari: chumvi ameacha, kama alivyoambiwa. Badala yake, mboga anapikia maji ya majivu, yale yanayochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharage.

"Majivu hayo yana madini ya potasiamu, mama," daktari akasema. "Figo zako zimechoka, haziwezi kuyatoa. Yamezidi kwenye damu, yanaupotezea moyo mwendo."

"Sasa anayebisha ni nani?"

"Ni moyo wako."

Edina alitibiwa, akaacha maji ya majivu. Hodi zikakoma. Wasikilizaji wapendwa, hodi zilikoma, na hapo ndipo Edina alipoogopa.

Clemence anasimulia: "Alikuwa anakaa anautazama mlango. Nikamkuta ameshika chungu cha maji ya majivu. Akaniuliza, 'Nikinywa kidogo tu, atarudi?' Nililia."

Edina alimwangalia mwanawe akilia. Kisha akatoka, akayamwaga mgombani. "Na yeye apumzike," akasema.

Baada ya hapo aliteremka ziwani, Kihagara, kwa mdogo wake Notburga, ambaye naye ana sukari. "Kapime figo," alimwambia. "Usiseme huumwi. Mimi sikuumwa. Mimi niliitwa." Notburga alipima, tatizo likaonekana mapema, na sasa yuko kwenye dawa.

Figo za Edina hazikupona. Amefariki msimu huu wa mavuno, mchana, mkono wake ukiwa mkononi mwa Clemence.

Clemence, Notburga, na ukoo wote wa Kitura na Kihagara, poleni sana. Mungu awashike. Nasi tuliobaki tujiulize: yule wa nyumbani mwetu mwenye sukari, figo zake na madini ya damu yake vilipimwa lini?

Clemence alikwenda kupimwa baada ya matanga. Majibu hajatuambia, nasi hatukumuuliza.