Fundi wa Kamera Aliyesubiri Senene

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanda ngazi kwenye nyumba za watu, Bi. Benigna Mwijage anashuka. Anastaafu rasmi leo, Ijumaa, tarehe 28 Novemba 2025, akiwa fundi mkuu wa kamera na waifai wa kampuni yetu hapa Bukoba. Ngazi anatuachia. Bisibisi anaondoka nazo, na aliyethubutu kuomba moja alijibiwa kwa macho tu.

Ma Benigna, kama tunavyomwita sote kwa heshima ya kwetu, alizaliwa Kagoma, wilayani Muleba, katika familia ya wakulima wa migomba na kahawa. Alijiunga nasi mwaka 1994, kampuni ikiwa bado chumba kimoja cha kutengenezea redio. Wateja waliingia, wakamwona, wakamuuliza fundi yuko wapi. Aliwaambia wakae, fundi anakuja, kisha akaifungua redio na kuitengeneza mbele yao. Zilipokuja televisheni alipanda mapaa kufunga antena. Yakaja madishi, na miaka ya karibuni kamera za nyumbani, zile zinazomwezesha mtu aliye Mwanza kuangalia geti lake la Bukoba kwenye simu.

Kamera zilikuja na ugonjwa wake, nao ni waifai kukatika. Kwa ugonjwa huo Ma Benigna alikuwa na tabia iliyotuudhi sana sisi wa mapokezi, maana iliharibu ratiba yote ya siku. Akifika kwa mteja hagusi kitu. Anakaa, anapokea kahawa ya kutafuna, anauliza habari za watoto, na mwishoni anauliza ni kitu gani kipya kimeingia pale nyumbani tangu kamera ifungwe.

Tabia hiyo aliipata kwa kuumia. Kwa Mama Evodia, Muleba, alifunga kamera wakati wa kiangazi ikafanya kazi vizuri. Mvua zilipokolea, picha zikaanza kukatika. Alibadilisha rauta, kile kisanduku kinachorusha waifai, akabadilisha na kamera yenyewe, akamlaumu hata fundi umeme wa jirani. Mama Evodia ndiye aliyemwambia kwamba zamani alikuwa akiiona kamera ile akiwa dirishani, lakini sasa haioni. Migomba ilikuwa imekua, na majani yake mabichi yalikuwa yakizuia mawimbi. Ma Benigna huwasimulia mafundi wapya wote kisa hiki, na kila akikisimulia makosa ya yule fundi umeme yanaongezeka.

Lakini kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni ile ya Rwamishenye. Novemba 2019 tulipigiwa simu na Mzee Rwekaza, mteja wetu mkubwa, ambaye biashara zake ziko Mwanza na familia iko hapa. Kamera ya getini kwake, tuliyoifunga mwezi Juni, ilikuwa inapotea kila jioni giza likiingia na kurudi asubuhi. Mafundi wetu walikwenda mara kadhaa mchana, wakakuta kila kitu kizima. Soketi ya kamera hiyo ilikuwa ndani ya kibanda cha mlinzi, kwa hiyo Mzee alikwisha kutoa hukumu: mlinzi wake, Najibu, anaichomoa ili alale, au afanye jambo baya zaidi. Alitaka tumthibitishie tu kwamba kamera haina kasoro, naye amfukuze. Najibu alikuwa na mke na watoto wanne, na mlinzi aliyefukuzwa kwa tuhuma kama hiyo hapati geti jingine katika mji huu.

Ofisi ilikuwa tayari kuthibitisha, kwa sababu kamera kweli ilikuwa nzima. Ma Benigna alikataa. Alisema kamera ile aliifunga yeye, na haitamtolea mtu ushahidi kabla yeye mwenyewe hajaiona ikipotea. Akaomba jioni moja.

Alipokewa na mke wa Mzee, Mama Renatha. Wakatafuna kahawa, akauliza swali lake. Mama Renatha alimhakikishia, kwa ile "waitu" ya heshima ya Kihaya, kwamba hapa hakuna kipya hata kimoja. Jua lilipokuwa linazama, mwenyeji akainuka, akaomba radhi kwamba inabidi akatege senene, wale panzi watamu wanaofuata taa usiku, akamwita Najibu amsaidie. Wakapanga mapipa uwanjani, wakasimamisha mabati marefu juu yake, wakawasha taa kubwa. Bati la mwisho liliposimama kati ya rauta ya sebuleni na geti, picha ya kamera ikapotea kwenye simu aliyokuwa akiitazama Ma Benigna. Najibu alikuwa amelishika bati lenyewe kwa mikono miwili, mbali kabisa na soketi.

Mama Renatha hakuwa amedanganya. Mabati ya senene husimamishwa kwake kila Novemba tangu aolewe, sasa angeyaitaje kitu kipya?

Ma Benigna akampigia Mzee Rwekaza, akamwomba atazame simu yake. Najibu akaenda kusimama getini. Bati likalazwa, Najibu akaonekana. Bati likasimamishwa, Najibu akapotea. Likalazwa tena, akarudi. Hapo Ma Benigna, ambaye hajawahi kujua pa kuishia, akauliza senene wote hao wanaliwa na nani. Mama Renatha akajibu kwamba ni wa Mzee mwenyewe, anamtumia ndoo kwa basi kila wiki, kwani mke gani wa Kihaya atamwacha mumewe apitwe na senene? Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga. Cha Mzee Rwekaza kilikuwa sahanini.

Mzee alimwomba Najibu radhi palepale kwenye simu. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, kama mabati yanaweza kubaki. Kesho yake Ma Benigna alipitisha waya kutoka sebuleni hadi getini, kamera ikaachana na waifai, na senene wakaendelea kutegwa.

Ma Benigna, tunakushukuru kwa redio, antena na madishi, na kwa mafundi wote uliowafundisha kukaa chini kwanza. Tulinung'unika kuhusu ratiba, na tutaendelea kunung'unika tukikukosa. Tunakuombea afya njema huko Kagoma, migomba yenye mikungu mizito, na kamera ambayo hutalazimika kuipandia ngazi.

Kuna mmoja atakayekushukuru kwa mdomo wake. Najibu amekaa safu ya nyuma, ndoo ya senene wa msimu huu ikiwa miguuni pake, mabawa yamekwisha kunyonyolewa. Usiwe na wasiwasi na geti la Rwamishenye. Mzee Rwekaza amempa ruhusa ya siku nzima, na leo analilinda mwenyewe, kwenye simu, akiwa Mwanza.