Wasifu wa Serikbol Abdirov, Aliyeukuza Uchumi wa Tuzdysai

Ndugu waombolezaji, punde imamu atawageukia na kuwauliza, kama ilivyo desturi yetu: "Marehemu alikuwa mtu wa namna gani?" Mkinyamaza, aibu hiyo itawafuata hata wajukuu zake. Ndiyo maana jana shemeji yangu Raushan alinisihi: "Shemeji, andika tu kwamba alipendwa na watu. Unapungukiwa nini?" Mimi Kenzhebek, mdogo wake, nimeandika ninayoyajua.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika kambi ya wafugaji ya Akkuduk, mtoto wa kwanza wa mzee Abdir na mama Kulpash. Alisoma shule ya bweni hapa Tuzdysai. Siku moja ya theluji aliingia darasani na mwanakondoo mchanga ndani ya koti. Mnyama akalia, mwalimu akageuka, na kaka yangu akalia "mee" kwa sauti kubwa zaidi ili adhabu iwe yake. Akasimamishwa kwenye kona mchana kutwa, koti limefungwa, mwanakondoo yumo ndani. Huyo Serikbol nilimpenda, na leo ninamlilia.

Mwaka 1983 alihitimu masomo ya uchumi huko Almaty. Mwaka 1986 alimwoa Raushan, mwalimu wa muziki, wakajaliwa Zhazira na Olzhas. Alikuwa baba mpole; hilo silikatai.

Mwaka 2004 aliteuliwa naibu mkuu wa wilaya, upande wa uchumi. Visima vya mafuta vilikuwa vimenona. Akajenga uwanja wa barafu na chemchemi ya marumaru yenye taa za rangi, katika mji ambao maji ya kunywa huletwa na lori. Alituambia mezani kwamba uchumi ukikua watu hutulia, na kwamba serikali haina haja ya kuwauliza wanataka nini.

Watu hawakutulia. Mei 2012 wachimbaji wa mafuta walikaa kwenye uwanja wa ile chemchemi wakidai mishahara yao ipande kama bei ya nyama ilivyopanda. Kaka yangu akawaendea na karatasi ya takwimu, akawasomea: uchumi umekua kwa asilimia tisa. Mzee Sarsenbay, mchimbaji, akamkatiza.

"Bwana Naibu, huo uchumi unaokua unakulia mtaa gani? Kwangu haujapita hata kuomba maji!"

Watu wakacheka. Kaka yangu hakucheka.

"Mzee, msinitie doa. Ijumaa wanakuja wawekezaji."

"Waje tu! Tutawakalisha hapahapa, wale mkate wetu mkavu."

Alhamisi alitoa amri uwanja usafishwe. Askari wakawavamia wachimbaji; wakafa watatu, Sarsenbay akiwamo. Ijumaa wageni walipita juu ya lami iliyooshwa, na chemchemi ikawashiwa taa. Jumapili, kwa mama yetu, kaka alikuwa na nishani kifuani, mafuta ya nyama ya farasi yanamtiririka kidevuni. "Tumezuia ghasia," alisema. "Nipitishie kitunguu." Niliinuka nikatoka nje. Kinyaa kile hakijanitoka mpaka leo.

Mwaka 2018 figo zake zilianza kushindwa kazi. Alilazwa katika hospitali aliyoizindua mwenyewe kwa kukata utepe. Muuguzi alimwambia Raushan, "Mama, mashine ya kusafisha damu tunayo. Maji ya kuiendesha ndiyo hatuna." Nilikaa naye. Hakuuliza habari za Sarsenbay. Aliuliza tu, "Watu wako shwari?" Alifariki tarehe 9 Novemba 2019, ndani ya gari, akipelekwa mkoani. Hata leo wilaya imewapanga askari kwenye ukuta wa ua huu, eti msiba unaweza kuzua fujo.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu na mimi. Ameacha wajane wanne. Mmoja ni Raushan, wa ndoa yake. Watatu ni wa amri yake: Kunsulu wa Sarsenbay, Bayan na Orazgul. Wamesimama pale langoni; nanyi askari, nawaomba muwapishe waingie. Shemeji, nisamehe, neno "alipendwa" si langu kuliandika. Mungu ampe kaka yangu pumziko analolijua Yeye.

Imamu, ukiuliza, anza na hao watatu.