Bi Tsonka Gateva na Filamu Tupu ya Mwaka 1981

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi Tsonka Gateva anastaafu rasmi baada ya kuitumikia Studio Yavor, studio ya picha ya hapa mjini Troyan, kwa miaka arobaini na mitatu na miezi miwili. Katika muda huo wote amechelewa kazini mara moja tu, mwaka 1996, na alijitetea kwamba saa ya studio ilikuwa mbele. Uchunguzi ulifanyika na ikaonekana ni kweli.

Nimeombwa kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba cha giza, tunamosafishia filamu, miaka kumi na tisa, na humo mtu hana cha kutazama, hivyo husikiliza. Jambo la mwisho nitakalolisimulia ameniruhusu mwenyewe, baada ya kunikatalia mara mbili.

Alianza kazi Aprili 1981 akiwa na miaka kumi na tisa, kamera ya kuazima, na imani kwamba kupiga picha ni kubonyeza. Filamu yake ya kwanza aliisafisha kwa kutanguliza dawa ya mwisho. Ya pili aliifungua mwangani ili ahakikishe kama imo. Ya tatu ilitoka safi kabisa, ila hakuna hata mtu mmoja aliyekuwa na kichwa. Mkuu wake, marehemu Mzee Pencho, aliikagua, kisha akasema, "Binti yangu, angalau viatu vyao vimetulia." Wahenga walisema mwanzo wa ngoma ni lele, ya Bi Tsonka ilianza na viatu.

Baadaye alijifunza. Amepiga harusi zaidi ya elfu mbili, na picha za pasipoti zisizo na idadi, ambazo wakati wa kuzipiga mteja hakuruhusiwa hata kufikiria jambo la kuchekesha. Zilipokuja kamera za kisasa zisizotumia filamu, sote tulitaka kukifunga chumba cha giza. Yeye alikaa na ufunguo mfukoni hadi tukasahau wazo hilo. Siku hizi vijana wamerudia filamu, naye huwafundisha kila Jumamosi. Saa mbili za kwanza hawapigi picha yoyote, kazi ni kufunga filamu ndani ya kamera, kuitoa, na kuifunga tena. Wakilalamika huwaambia, "Filamu kwanza, maringo baadaye."

Wastaafu wengine wakitaka kuona kazi zao za ujanani hufungua kabati. Bi Tsonka hukutana nazo njiani. Sisi tukifiwa hubandika tangazo lenye picha ya marehemu mlangoni, kwenye nguzo na kwenye kituo cha basi, na tunalibandika upya siku ya arobaini, miezi sita, mwaka, hata miaka kumi. Familia huchagua picha ya ujanani, na ya ujanani aliipiga yeye. Kwa hiyo kila asubuhi makosa yake ya miaka ya themanini humtazama kutoka kwenye milango ya watu. Husimama mbele ya tangazo, huguna, husema taratibu, "Kivuli cha pua." Wafiwa humshukuru kwa kuguswa. Mjane mmoja alimletea chupa ya rakia, pombe yetu kali ya plamu, naye akaipokea.

Tulipotaka kumwandalia maonyesho ya picha zake za mwaka wa kwanza, alikubali shingo upande, akaleta sanduku. Mlikuwa na filamu thelathini na moja. Moja haikuwa na kitu, inapitisha mwanga kama kioo cha dirisha, nikaitupa kwenye takataka. Akainama akaiokota. "Hii inakaa katikati, Zdravko," akasema. "Hii ni harusi ya Velika na Hristo."

Velika Marinova ni jirani yake, mlango kwa mlango. Harusi hiyo ya Mei 1981 ndiyo ya kwanza Bi Tsonka kutumwa peke yake. Hakuifunga filamu sawasawa. Alipiga picha thelathini na sita, kamera ikazihesabu zote, na filamu haikusogea hata kidogo. Mzee Pencho aliwaambia maharusi kwamba maji yalikatika wakati wa kusafisha, na miaka ile maji yalikatika sana, hivyo hakuna aliyeuliza. Bi Tsonka alikuwa amesimama nyuma yake, akanyamaza. Kesho yake akanyamaza tena, na kunyamaza nako kuna mazoea.

Hristo, aliyekuwa fundi saa, alifariki Februari. Tangazo lake lina picha ya jeshini iliyokatwa sikio, kwa kuwa ya harusi haikuwapo. Tangu siku hiyo Bi Tsonka anakuja kazini kwa barabara ya nyuma. Aliniambia hawezi kupokea maua ya kustaafu ilhali Velika hajui, na anaogopa Velika akijua, ujirani umekwisha. Nilimshauri anyamaze. Ushauri wangu haukufuatwa, kama kawaida.

Maonyesho yalifunguliwa hapa studio Ijumaa, tarehe 14 Juni. Filamu tupu ilikuwa katikati ya ukuta, ndani ya fremu, na chini yake maandishi: "Harusi ya Velika na Hristo Marinov. Maji hayakukatika. Nilikosea kufunga filamu. T. Gateva."

Velika alikuja amevaa nyeusi. Alisoma, akavaa miwani, akasoma tena. Bi Tsonka alisimama kando yake, rangi imempotea, nami nilimwonea huruma kweli.

"Tsonka, mdogo wangu," Velika akasema, "mbona tulijua! Kile kigurudumu cha juu ya kamera yako hakikuwa kikigeuka. Kisipogeuka, filamu haitembei. Hristo na macho yake ya saa aliona tangu picha ya pili."

"Sasa mbona hamkuniambia?"

"Nilitaka. Akanizuia. Akasema, 'Mwache, ukoo mzima unamtazama. Tukimwambia atalia mbele za watu. Wewe tabasamu tu.' Basi tukakutabasamia mara thelathini na sita. Mashavu yaliniuma mpaka Jumatatu."

Bi Tsonka alilia, jambo ambalo halimo kwenye faili lake.

Kwa niaba ya wenzangu wote wa Studio Yavor, nakushukuru, Bi Tsonka, kwa kazi na kwa ukali. Afya isikupungukie, na siku zako zikuendee polepole upendavyo. Wageni wa sherehe ya kukuaga watatusamehe kwa nafasi tupu katikati ya ukuta. Velika aliitungua fremu Ijumaa ile ile akaenda nayo nyumbani, akisema hiyo ndiyo picha pekee ya harusi yake.

Zdravko Ivanchev, chumba cha giza