Shukrani kwa Duka Lililofunguliwa Likiwa Wazi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza la Rufaa za Kodi la Mpakani, waheshimiwa maofisa, wachungaji wetu, ndugu wageni mliotoka Mukuju, Bulumbi na ng'ambo ya Kenya, na nyinyi wachuuzi wenzangu mliokosa viti: hamjambo!

Mimi ni Athieno, muuza mbegu hapa Busia. Nimeombwa nitoe shukrani za wafanyabiashara kwa mfumo huu wa mtandaoni wa kusahihisha makosa katika amri za rufaa, ambao ofisi yake inafunguliwa leo. Na nani ashukuru kama si mimi, niliyefungiwa duka kwa madai ya kodi, nikashinda rufaa, na duka langu likabaki limefungwa?

Amri ya rufaa yangu ilikosea jina, ikaagiza lifunguliwe duka la jirani yangu, Ekwaro. Maofisa wakaja na gari, wakalifungua. Lilikuwa wazi! Ekwaro alikuwa ndani akipima sukari. Wakampa mkono, wakampiga picha, wakampongeza kwa uvumilivu wake. Mlango wangu wakaupita, na utepe wa kodi ukiwa palepale.

Nikaingia mtandaoni. Mfumo ukaniuliza: wewe ndiwe Ekwaro? Nikajibu siye. Ukanieleza kwa adabu kwamba kosa husahihishwa na aliyetajwa kwenye amri. Nikamwendea jirani.

"Dada," akasema, "mimi sina kesi. Sasa nakwenda kulalamika nini, kwamba duka yangu iko wazi?"

Lakini ni muungwana, akalalamika. Tulihangaika mchana kutwa: simu inarukia mtandao wa Kenya, mfumo unadai tuko nje ya nchi, nasi tunazidi kuuacha mpaka na kusogea upande wa Tororo hadi ukatukubali. Je, ni huduma gani nyingine imewahi kuwatembeza wananchi hivi?

Wiki iliyopita marekebisho yakafika. Wamekiri, waheshimiwa, wamekiri! Duka la Ekwaro halikustahili kufunguliwa. Kwa hiyo wamelifunga.

Mpigieni makofi, yule pale nyuma.

Mheshimiwa, nacheka, lakini nina uchungu na nina hasira. Mvua imeshaanza, wakulima wa Mwello wameshalima, na mbegu ninazowauzia kila msimu zimefungiwa ndani. Mkulima hapandi marekebisho.

Umetoka kukata utepe wa ofisi hii, na mkasi bado umo mkononi mwako. Nyuma ya hema hili kuna tepe mbili nyingine. Mimi na Ekwaro tunatangulia, tafadhali tufuate.

Asanteni kwa kunitegea sikio.