Siku Niliyokata Waya wa Spika

Ndugu zangu wapendwa, nimesimama hapa nikimsifu Mungu aliyenirudishia utulivu. Wengi mnanijua kama Mama Nyaboke, fundi wa nguo pale mjini Kisii. Lakini niliyoyapitia hamkuyajua, maana hata mume wangu sikumwambia.

Kwa miaka sita nilishonea kwenye kibaraza kilichopakana na duka la simu. Mlangoni pa duka hilo kulikuwa na spika mbili, kila moja ikinifika kiunoni. Zilianza tukifungua na kunyamaza tukifunga. Nilidhani nimezizoea. Kumbe polepole nilikuwa nikiishi kama mtu aliyezama majini. Wateja walifungua midomo nami nikaitazama tu. Nilipima kiuno cha mtu, nikigeuka kuandika, namba imeshapotea. Moyo ulinidunda nikiwa nimeketi. Nikifika nyumbani, masikio yaliendelea kulia kama nyenje. Binti yangu Nyaboke akiangusha kijiko nilimfokea, hadi mtoto akajifunza kunyata katika nyumba ya mama yake. Ndugu zangu, hilo linaniuma mpaka leo.

Kilichonitisha zaidi ni maombi. Siku ya Sabato nilifumba macho nimwite Mungu, na kichwani nikasikia tangazo la simu. Nikalirudia neno kwa neno, badala ya sala.

Basi Alhamisi moja asubuhi nilikuwa nakata gauni la bibi harusi. Nikakata mkono mfupi kuliko nilivyopima. Sikukasirika, na hiyo ndiyo ajabu yake. Niliinuka kama anayetembea usingizini, mkasi mkononi, nikaenda hadi kwenye spika na kukata waya. Kisha nikakata na wa pili.

Barabara yote ikanyamaza, au mimi nilidhani imenyamaza. Nilisikia mwanamke akicheka mbali, na ndizi zikishushwa kutoka mkokoteni. Nikabaki nimesimama, nikingoja kutukanwa.

Aliyetoka ni Achieng, dada aliyeuza simu pale, mzaliwa wa kule ziwani. Aliangalia waya, akaniangalia mimi, machozi yakamtoka.

"Mama Nyaboke," akasema, "mimi sikio hili la kushoto halisikii tena. Naogopa kumwambia bosi."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana. Mama yangu akipiga simu nahamishia upande wa pili."

Miaka hiyo yote nilikuwa nimemchukia yule dada, nikidhani kelele ni zake. Nikamshika mkono, tukaenda hospitali pamoja.

Muuguzi alinipima presha mara mbili. "Unafanya kazi wapi, mama?" Nikamweleza. Akasema, "Masikio huchoka, na yakichoka moyo na akili navyo havipumziki. Meza dawa, lakini toka kwanza kwenye hizo kelele." Achieng aliambiwa kwamba sikio lake halitarudi kama zamani, ila hilo jingine bado linaweza kulindwa.

Tuliporudi, nilimkiria mwenye duka kosa langu. Achieng akampa karatasi ya hospitali. Aliisoma akiwa amesimama, kisha akaketi. "Sikujua," akasema. Spika hazikurudi mlangoni tena.

Nami nilikwenda Nyamira kwa mama mdogo, anayelima chai. Siku tatu za kwanza ukimya uliniogopesha. Ya nne, ukungu ulikuwa umelala juu ya majani, tukichuma bila kusema neno. Nilisikia majani yakikatika vidoleni, tuk, tuk, na umande ukidondoka kutoka migombani. Nikafumba macho palepale, kikapu mgongoni. Nikasema, "Bwana." Baada ya neno hilo hakukuwa na tangazo, hakukuwa na wimbo. Kulikuwa na nafasi pana, kama chumba kilichofagiliwa, na nilijua siko peke yangu ndani yake. Sijui nilisimama kwa muda gani. Mama mdogo aliponiita, uso wangu ulikuwa umelowa na ukungu umeshapanda.

Sitawadanganya. Dawa bado nameza, na siku nyingine nyenje hurudi masikioni. Lakini nashonea ndani siku hizi, mbali na barabara, na Nyaboke anaimba nyumbani, tena kwa sauti mbaya, namwacha aimbe.

Nashukuru Mungu, na nawashukuru ninyi mlionisikiliza. Kama kuna kelele inayokula maisha yako, usivumilie ukidhani ndiyo imani. Mwambie Mungu, kisha mwambie na mtu. Na kama kelele ni yako, tafadhali ipunguze. Hujui ni nani anayeumia kando yako.

Achieng yuko nasi leo, ameketi mwisho wa benchi ile ya dirishani. Mkienda kumsalimu, pitieni upande wake wa kulia.